Injini Mpya ya Yeremia

Yeremia wa Rangwi, fundi kompyuta pale Lushoto mjini, alitengeneza gemu la kilimo miaka kumi na miwili iliyopita, na hakuna kingine alichowahi kukimaliza. Watu walilicheza mtandaoni hata kwa visimu vidogo: unachonga matuta, unapanda viazi, unaomba maji kwa jirani. Ila mfereji haufunguki mpaka mdogo aamkie na mkubwa aitikie. Hapo alifanya la maana.

Sasa gemu lilikuwa limechakaa. Linakwama, linatupa watu nje, wachezaji wamebaki wachache kama waumini siku ya mvua. Wenzake wakamwambia alijenge upya kwa injini mpya, yaani ule mtambo wa ndani unaoliendesha. Akazungukazunguka mwezi mzima. Injini hiyo ilitaka simu kubwa, na mdogo wake Eliza, anayechuma chai huko upande wa Zirai, alikuwa na kasimu kenye kioo kilichopasuka.

Eliza haongei naye tangu mazishi ya mama yao. Siku hiyo mvua ilikata barabara, Eliza yuko njiani anatembea kwa miguu, Yeremia akasema mwili hausubiri, fukieni. Eliza alipofika, kaburi lilikuwa na maua tayari. Hakulia mbele ya kaka yake. Aligeuza, akarudi alikotoka. Miaka miwili neno kati yao ni la kwenye gemu tu: shikamoo kaka, marahaba. Maji yanafunguka, na Yeremia anajidanganya kwamba amesamehewa.

Mkewe, Janeth, alimwambia, “Mpigie Eliza kwanza, umwombe radhi. Ndipo ubomoe hilo gemu lako.”

“Nikimpigia nitasema nini?”

“Utasema ulikosa. Kwani mdomo unakuuma?”

Hakupiga. Mwanaume wa miaka hamsini, anaogopa simu kuliko nyoka. Akalijenga gemu upya. Likawa zuri, maji yanang'aa, watu wakarudi kwa wingi. Eliza hakuonekana. Kila asubuhi Yeremia alikaa mbele ya kompyuta anangoja kuamkiwa.

Mwishowe akanunua simu kubwa, akamtuma Janeth aipeleke. Eliza alimpokea vizuri, akampikia, akaulizia watoto mmoja mmoja. Boksi hakuligusa.

“Wifi, irudishe. Mwambie kaka, simu ya kupigiwa ninayo.”

Janeth alirudi akayasema hayo hayo. Yeremia akauliza kama Eliza amekonda.

“Muulize mwenyewe,” Janeth akasema, akaingia jikoni.

Hajamuuliza mpaka leo.