Pikipiki ya Marehemu Antipasi

Mughwai alikuwa fundi baiskeli, na fundi baiskeli akiona pikipiki, mikono humwasha. Lakini siku alipobomoa udongo ulioziba chumba cha ndani kwa mama yake, mikono hiyo ilisita. Humo ndimo mama yake alimofungia pikipiki ya mwanawe wa kwanza, Antipasi, mwaka uliofuata Uhuru, baada ya kijana huyo, aliyekuwa katekista, kuanguka nayo korongoni na kufa. Mama alitaka mlango ukandikwe hadi ufanane na ukuta, na tangu hapo hakuna aliyeutaja.

Sasa ilikuwa mwaka wa sabini na nne, wakati wa Operesheni Vijiji. Watu wa bonde lile walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya Ikungi. Mughwai alihama na mkewe Dorika, kuku na jiwe la kusagia. Mama Antipasi akakataa. Alibaki peke yake kwenye tembe lake, katikati ya maboma yaliyoezuliwa, mahali ambapo hata mbwa hawakubaki. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Zefania, hakuwa mtu mbaya. Alimwita Mughwai pembeni akamwambia kwamba mgambo wanakuja na lori kuwahamisha kwa nguvu waliobaki. Bibi mmoja wa ng'ambo ya korongo walikuwa wamembeba mikono na miguu, akafika kijijini hasemi, na mpaka leo hasemi.

Mughwai alibembeleza mpaka mate yakamkauka. Mama alikuwa na jibu moja.

"Niliyemzaa kwanza ndiye atakayenihamisha."

Neno hilo lilimuuma. Miaka yote hiyo ni yeye aliyemlimia na kumkandikia paa, bado dunia nzima ilimwita mama kwa jina la marehemu. Basi, akajisemea kwa hasira, kama anamtaka Antipasi, pikipiki ya Antipasi itamchukua.

Aliikuta imesimama vizuri, vumbi kila mahali isipokuwa kwenye kiti. Akashika tairi. Tope la korongoni lilikuwa bado bichi, na kiangazi kile kilikuwa kimekausha hata visima. Mughwai akajiambia kwamba paa linavuja, ingawa alijua halivuji, akaisukuma nje juani.

Petroli tankini ilikuwa imeganda kama ulimbo. Akaikwangua, akasuuza kwa kokoto na mafuta ya taa, akatia petroli mpya. Pistoni ilikuwa imeshikana. Akafungua plagi, akamimina dizeli, akaiacha ilowe mpaka ikaachia. Akasugua platini, zile ncha za kuleta cheche, kwa msasa, akazibua kabureta kwa unywele wa mkia wa ng'ombe. Cheche ilikuwepo, mafuta yalikuwa yanashuka. Akapiga kiki mpaka goti likavimba. Kimya. Mama alikuwa mlangoni akipeta mtama, wala hakuinua macho.

"Mmebeba mpaka vifaranga," alisema. "Yeye nani alimuaga? Na sasa unachukua chombo chake kama mwizi."

Kweli tupu. Kwao boma halikuhama kabla watu hawajaenda makaburini, kando ya zizi, wakamimina pombe ya mtama na kuwaambia waliolala huko wanakokwenda. Safari hii lori lilipiga honi, watu wakababaika, wakapanda.

Mughwai alivaa msalaba shingoni na aliona aibu, lakini lori lilimtisha kuliko aibu. Jua likiwa utosini, alimimina pombe juu ya mawe ya kaburi. Akamweleza kaka yake kwamba wamehamia barabarani, kwamba mama amegoma, kwamba anaomba pikipiki, na kwamba akipenda wafuatane. Hilo la mwisho alilisema kwa adabu tu, jinsi mtu anavyomkaribisha mpita njia chakula akijua atakataa.

Kiki ya kwanza, ikawaka.

Mama akatoka na kifurushi chake, kimeshafungwa. Hakupanda mara moja. Alisimama kando kidogo, kama anayempisha mtu, ndipo akakaa nyuma kabisa, ukingoni mwa keria. Mughwai alimwambia asogee amshike kiuno. Mama akasema hana shida, ameshashika.

Kilimani pikipiki ililemewa, ikalia kwa uchungu, na mama mwenyewe hakufikia uzito wa nusu gunia. Baridi ilimwingia Mughwai shingoni katika jua lile. Nyuma yake mama alikuwa akizungumza taratibu, akinyamaza, akicheka kidogo, akijibu. Hakuthubutu kugeuka. Alitaka kulia, wala hakujua kama ni woga au ni wivu.

Kijijini Dorika alitoka mbio kumwamkia mkwe wake. Mama akainua kiganja kumwashiria asubiri. Akashuka, akanyoosha mkono juu ya kiti kitupu, na springi za kiti zikainuka polepole. Akakishika alichokishika, akakiongoza mpaka mlangoni mwa nyumba ya Mughwai.

Lori la mgambo halingemgusa tena, na Mughwai alishukuru kwa moyo wote. Hata hivyo aliumia kuona hata jicho hakutupiwa.

"Mama," aliita, "na mimi je?"

Mama Antipasi akageuka. Alimtazama kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama kijana wa watu aliyemsaidia njiani.

"Asante, baba, umetufikisha," alisema. "Sasa na wewe nenda kwa mama yako, asije akahangaika."

Akaingia, akafunga mlango.