Nilivyomtukana Binamu Mbele ya Mradi

Wako wanaosafiri kwa biashara, na wako wanaosafiri kwenda kuzika. Mimi niliondoka Ikwiriri kwa sababu ya wivu, na nawaambia mapema msije mkadhani nilitumwa na elimu. Mimi ni mtu wa barazani. Nimesoma hadi kidato cha nne, nalima mpunga kidogo, nauza ufuta msimu ukifika, na kitanda cha ugenini hakinipi usingizi. Lakini ile miaka ya soko huria, mchele wa ng'ambo ulipojaa madukani na kila mtu akajiita mfanyabiashara, ulitujia pia mradi wa wageni, wa chakula na hifadhi ya mikoko. Gari lao jeupe lilikuwa likipita mbele ya baraza yangu bila hata kupunguza mwendo, likielekea kwa binamu yangu Tatu.

Tatu ni binti wa shangazi yangu. Aliolewa delta, kule mto unakomwagikia baharini, akawa mjane huko huko, na analima mpunga katikati ya mikoko, kwenye kijiji usichoweza kufika ila kwa maji. Wageni walikwenda kumuuliza yeye jinsi ya kulima. Yeye, ambaye tulipokuwa wadogo alikuwa akipeleka kuku bandani wakarudi nyumbani kabla yake! Kisha ikaja habari kwamba mradi unataka kumpeleka Afrika Magharibi, kwa wakulima wengine wanaopanda mpunga mikokoni, wakafundishane. Kwa ndege. Mimi hata Mafia sijafika.

Mke wangu Zuhura alinitazama nikisukuma sahani ya chakula. "Nenda ukamwone kwa macho yako," akasema. "Labda utakuta kasoro, upate nafuu."

Siku ile ile mradi ulipoomba mkulima mmoja wa bondeni afuatane nao delta, nilinyoosha mkono kabla mwenyekiti wa kijiji hajamaliza sentensi.

Kwanza gari lilishuka Ndundu kupokea mzigo wa mradi uliokuwa unavushwa kutoka kusini, tukakuta pantoni liko ng'ambo ya pili, na foleni ya malori ya mpunga. Hapo ndipo nilipozungumza na Bwana Henriki, mtaalamu wa mradi, mtu mrefu, mwenye Kiswahili cha darasani kilichonyooka kuliko changu. Alinieleza mambo yalivyo. Wako maafisa waliotaka wakulima wote wa delta waondolewe, kwa kuwa wanafyeka mikoko. Yeye alikuwa anawatetea, kwa sharti kwamba kila shamba liache ukanda wa mikoko usioguswa kando ya maji. Shamba la Tatu ndilo alilolionyesha kila mahali kama mfano.

"Ukanda ukikatwa, nitakosa la kusema," aliniambia. "Watahamishwa wote."

Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu mwenye huruma.

Kibiti tulisimama kunywa chai. Mama muuza vitumbua aliponiona nimeshuka kwenye gari la mradi aliniuliza kama mimi ni jamaa wa "yule mama wa mpunga". Nikamwambia simjui. Kitumbua kikanikwama kooni, na nadhani nilistahili.

Kutoka Nyamisati tulipanda boti ya injini. Mikoko ilisimama pande zote mbili, mizizi nje kama miguu ya watu waliopandisha nguo wavuke tope. Njia za maji zilikuwa nyingi mno, na nahodha alikata kona bila kufikiri. Nilitafuta kitu cha kukidharau, nikapata mbu. Maji ya kupanda yalitusukuma hadi kijijini, na kumbe Tatu keshasimama ukingoni, khanga kaifunga kiunoni, wenzake nyuma yake.

"Ala! Wamemleta yule mume wangu niliyemkataa!" akapaza sauti. "Tazameni kichwa hicho, kama kinu kilichopasuka! Nani kakutoa barazani, kunguni?"

"Nimekuja kukuzika," nikajibu. "Nimesikia unanuka hadi Ikwiriri."

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Akikuamkia kwa adabu, jua kuna jambo. Bwana Henriki alitabasamu kidogo, midomo tu.

Asubuhi iliyofuata, wengine wakinywa uji, mimi nilitoka peke yangu kwenda shambani. Ewe ndugu msomaji, ungeuona mpunga ule! Umesimama sawasawa, umebeba, umeinamisha masuke. Miche walikuwa wanaikuza hadi irefuke ndipo waipandikize, ili kaa wasiimalize. Mimi wangu huliwa na ndege nikiwa nimelala kwenye dungu, kile kichanja cha kufukuzia ndege, hapo hapo juu yake. Nikauacha mpunga, nikauendea ukanda wa mikoko. Nikautembea wote, tope magotini, nikitafuta kisiki kibichi. Kimoja tu kingenitosha. Sikukipata. Badala yake nilikuta miche michanga ya mikoko, imepandwa penye mapengo. Nilirudi na hasira, na kiatu kimoja.

Mchana tukakaa kula, wanakijiji wametuzunguka. Tatu alikuwa anapakua wali. Bwana Henriki akanigeukia. "Bwana Selemani, wewe ni ndugu yake, unamjua. Ni kweli wanautunza ukanda?"

Watu wote wakanitazama, macho yakicheka tayari. Walikuwa wanasubiri. Nami ulimi ulikuwa umekwisha kunolewa tangu Ikwiriri.

"Huyu?" nikasema. "Huyu ndiye mwizi mkuu wa mikoko! Hata vitanda vyake ni vya mikoko. Ukimwacha na panga hadi kesho, utarudi kwa miguu, maana hata boti yako ataichanja kuni."

Wakacheka hadi wengine wakashika mbavu. Tatu alinitupia ukoko. Bwana Henriki akaweka sahani chini taratibu.

"Nimesikitika sana," akasema. "Basi safari ya Mama Tatu haiwezekani. Na kuhusu mashamba haya, sioni nitakavyoweza kuwatetea."

Kicheko kikakatika kama uzi.

"Bwana Henriki," Tatu akasema, mwiko mkononi, "huyu ni mtani wangu."

"Mtani ni nani?"

"Ndugu anayeruhusiwa kunitukana."

"Kwa hiyo amesema uongo?"

"Amesema utani."

"Lakini ni kweli, au si kweli?" Akanigeukia. "Nakuuliza wewe, Bwana Selemani."

Sitaficha: kulikuwa na utamu. Kwa kitambo kifupi niliiona ile ndege ikiruka bila Tatu, nami nikirudi barazani kwangu nimepona. Kisha nikawaona wale wanawake. Hakuna aliyekuwa akila tena. Mmoja alikuwa ameshika tonge karibu na mdomo wa mtoto, amelisahau. Ule wali ulitoka kwenye mashamba hayo hayo. Hawakuwa na mengine.

Nikasimama. "Bwana Henriki, mimi nilikuja hapa kutafuta kosa. Nina wivu naye, muulize mke wangu. Leo asubuhi nimeutembea ukanda wote nikitafuta kisiki kibichi. Ningekipata ningekuletea nikiwa nimekibeba kichwani. Njoo nikuonyeshe."

Tukaenda, kijiji kizima nyuma. Nikamwonyesha mizizi mikongwe isiyoguswa, miche michanga kwenye mapengo, hata kiatu changu kilichobaki topeni, mahali nilipoinama kutazama vizuri. Na kwa kuwa nilikwisha kuanza, maneno yakanitoka yenyewe. Nilisema Tatu ni mkulima kunishinda. Nilisema anafaa kupelekwa, na ana haki ya kusikilizwa na watu wa kule. Nilisema bila mzaha hata mmoja. Bwana Henriki alichuchumaa, akagusa mche mmoja, akasema, "Sasa nimeelewa. Safari ipo."

Watu wakapiga vigelegele. Tatu peke yake hakupiga. Alinitazama kama amemwona mgeni.

"Binamu," akasema polepole, "kwani nimekufa? Mbona unanisifu kama maiti?"

Nikainama, nikajifanya nakichomoa kiatu changu topeni.

Wakati wa kuondoka alikuja hadi ukingoni, akanipa mkono, akanambia, "Karibu tena, kaka. Nashukuru." Kaka! Nashukuru! Ningepigwa teke lisingeniuma hivyo. Kutoka hapo hadi Nyamisati, Kibiti, hadi barazani kwangu, sikumtania mtu hata mmoja. Bwana Henriki alidhani nina homa.

Nimerudi nyumbani na somo gani? Kwamba wivu haufi kwa kutembea. Wangu ulirudi nami mzima wa afya, na siku ile binamu yangu alipopanda ndege nililala na njaa kwa hiari. Na kwamba ukimtetea mtani wako kwa maneno ya kweli, unaweza ukamwokoa na ukampoteza papo hapo. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi kwenye kitanda changu mwenyewe.

Hadi alipofika muuza samaki kutoka delta, akasimama mbele ya baraza, akakohoa kwa aibu. "Mama Tatu karudi kutoka safari," akasema. "Ameniambia nikufikishie salamu, lakini ni mbaya. Anasema huko ng'ambo kaona ngedere wanaoiba mpunga, na wote wana sura yako."

Nikamwomba arudie, kwa sauti, Zuhura naye asikie.