Tafsiri ya Jumapili

Mimi nikitazama filamu huanza na miguu. Wakiniambia huyu ni mkulima maskini, namwangalia kisigino. Kisigino kikiwa laini kama cha mtoto mchanga, basi imekwisha, simwamini tena hata alie mpaka kamera ilowe. Mwezi uliopita niliona mwanamke amelima tangu asubuhi, amejifuta jasho mara kumi, na mpini wa jembe lake bado una karatasi ya bei. Najiuliza, watu wote wale, mwenye kamera, mwenye taa, mwenye kupaka wenzake poda, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika jembe?

Filamu hizo nazitazamia Muyinga, sokoni, kwa Mkongomani mmoja wa Kivu ya Kusini anayeuza vitenge. Dada yangu ameolewa mji huo, nami nikienda kumsalimia nakaa naye asubuhi, mchana nahamia kwa Mkongomani. Televisheni yake ameitundika juu ya majora ya vitenge na haizimi mpaka anafunga duka. Wengine huja kununua wakajikuta wanatazama. Mimi huja kutazama, na nikiona aibu nanunua.

Yeye anapenda filamu za kupigana. Mtu mmoja anavamiwa na wanaume thelathini, wanakuja kwa zamu kama wanaosubiri kunyolewa, na mwisho shati lake bado limechomekwa. Nimeona watu wakipigana kweli, kwenye foleni ya maji. Makofi mawili, kanga inaanguka, wote wawili wanaona haya, wanakaa chini. Ugomvi wa kweli hauna muziki.

Tamthilia za mapenzi ndizo mbaya zaidi. Humo mama mkwe ni mchawi, au mlafi, au vyote viwili. Mimi ni mama mkwe. Nina wakamwana wawili, na kosa langu kubwa kwao ni kuwaambia maharage hayapikwi kwa haraka. Sijawahi kumtilia mtu kitu kwenye chai. Lakini mkamwana wangu mdogo, tukitazama pamoja, naona anavyokitupia jicho kikombe chake, na hapo nawalaani waliotunga.

Kuna moja ilinitoa nje kabisa. Ilihusu kambi ya wakimbizi. Watu wamekaa mstari mmoja, kimya, wanaangalia vumbi, wanamsubiri mzungu ashuke kwenye gari ndipo wapate la kusema. Mimi nimekulia kambini, Tanzania, tangu nabebwa mgongoni mpaka naolewa. Hatukuwahi kunyamaza hata siku moja. Tulikuwa na kwaya tatu zisizosalimiana, na mabishano ya nani kaiba wimbo wa nani hayakwisha hadi tunapanda malori ya kurudi. Nilisimama juani mbele ya duka mpaka hasira ikapungua, na haikupungua sana.

"Mama, hii iko filme tu," Mkongomani aliniambia. "We unakasirikia watu benye hawakujui."

Nilimjibu kwamba ubaya uko hapohapo: hawanijui, lakini wananieleza kwa dunia nzima. Alicheka, akanijazia flashi yangu tamthilia mpya ya Kitanzania, sehemu zote kumi na mbili, ili nikakasirikie nyumbani.

Nyumbani ni Bugendana, upande wa Mutoyi. Nina televisheni ndogo ya sola, na Jumapili baada ya misa majirani huja. Wengi wao hawakuondoka nchini, kwa hiyo Kiswahili chetu cha Tanzania hawakijui. Basi mimi nashika rimoti. Wakisema maneno mengi nasimamisha, natafsiri kwa Kirundi, naendelea. Wanakicheka Kirundi changu, wanasema nakitamka kama mgeni, lakini hadithi wanaipokea kama nilivyoisema. Mwenye rimoti haulizwi ushahidi.

Tamthilia ile ilikuwa ya mjane ambaye shemeji zake wanataka shamba lake. Na pale mlangoni, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikuwa anakaa jirani yangu, mjane, ambaye shemeji zake walikuwa wanataka shamba lake. Sikuipanga hivyo, Mungu ananiona. Nilipogundua, tulikuwa tumeshafika sehemu ya tatu na watu hawakubali kurudishwa nyuma.

Jirani huyo ana mabinti watatu, hana mtoto wa kiume. Mumewe alipofariki, shemeji zake walimwachia nyumba na migomba, kisha wakaandika karatasi kwamba anawapa kwa hiari yake shamba la bondeni. Lile la bondeni ndilo linalotoa maharage wakati wa kiangazi. Bila lile, yeye na mabinti zake wangeishi kwa kugonga milango ya watu. Alikuwa anatakiwa aweke dole gumba Jumatano ya wiki iliyofuata, mbele ya wazee wa kilima wanaoamua kesi zetu. Alinieleza hayo tukiwa tunateka maji, kisha akawa ananitazama.

Nami sikusema kitu. Mimi ni mtu niliyerudi. Kiwanja ninacholima nilikipata baada ya miaka ya kusemwa, na kilimani kwetu aliyerudi akifungua mdomo juu ya ardhi huulizwa alikuwa wapi wenzake walipokuwa wanaitunza. Nilijitwika ndoo yangu nikapanda. Maoni yangu yalinichoma njia nzima.

Jumapili iliyofuata tulifika sehemu ya mwisho. Mjane wa kwenye tamthilia, na visigino vyake laini, alichovya kidole kwenye wino, akakiweka kwenye karatasi, akatabasamu. Muziki ukapanda. Akasema anamwachia Mungu, kwamba amani ya ukoo ina thamani kuliko udongo. Akabeba sanduku, akafunga mlango, akaenda zake.

Nilisimamisha picha. Watu wamekaa Dar es Salaam, wamekula, wameshiba, wanamfundisha mwanamke atabasamu akiporwa. Chumba kizima kilikuwa kinanisubiri. Nikasema, kwa Kirundi changu cha kigeni, kwamba mjane amekataa. Amewaambia waondoke na karatasi yao, na kwamba Mungu yuko upande wake na upande wa maharage yake.

Mwanamke mmoja aliuliza, na hilo sanduku? Nikamwambia anakwenda kumsalimia dada yake.

Jirani yangu aliinuka kutoka kwenye ndoo. "Amekataa?" aliniuliza.

"Amekataa."

Alishukuru, akaenda.

Siku tatu zile sikulala vizuri. Ukisema uongo kwa ajili ya mtu, uongo huo unakuwa wa kwako kuulisha. Nilifikiri, akikataa kwa sababu ya mwanamke ambaye kwa kweli alikubali, halafu mambo yamharibikie, nitamwambia nini? Mara mbili nilifika mlangoni kwake nikijiandaa kusema ukweli, na mara zote mbili nikaishia kuomba chumvi.

Jumatano nilikwenda kwa wazee wa kilima, nikakaa pamoja na wengine. Karatasi ilisomwa, kisanduku cha wino kikafunguliwa. Jirani yangu aliweka mikono ndani ya kitenge, akasema hataweka dole lake. Shamba atalima, na mabinti zake watalima.

Shemeji yake mkubwa hakumjibu yeye. Aligeuka akanitafuta mimi. Kumbe naye amekulia Tanzania, tena anakwenda Gitega mjini kila wiki, na tamthilia ile ameitazama yote. Aliwaambia wazee kwamba mwanamke huyu amepotoshwa na televisheni, na anayeitafsiri ni mwongo. Kisha akamwambia jirani yangu, polepole, ili kila mtu asikie: "Yule mjane aliweka dole gumba. Wewe ulidanganywa."

Watu wote walinitazama. Sijui kama nimewahi kuwa na aibu kama ile. Nilitamani hata yale makofi mawili ya foleni ya maji.

"Najua aliweka," jirani yangu alisema. "Nilimwona. Kwani macho yangu yanahitaji Kiswahili? Nilimwona akichovya, nikamwona na sanduku. Ndiyo maana mimi siweki."

Mzee mmoja alikohoa. Wakanong'onezana kwa muda mrefu, kisha wakafunga kisanduku cha wino na kumrudishia shemeji karatasi yake kama ilivyokuja.

Tulipanda kilima pamoja, mimi na yeye. Badala ya kufurahi nilikuwa nimekasirika. Miaka yote nawatukana watunzi wa filamu kwamba wanatuona vipofu, na siku nilipopewa rimoti nilifanya vilevile, tena kwa mtu anayekaa mlango wa pili. Na yeye alijua, akaniacha siku tatu niteseke na chumvi yake ambayo sikuwa na haja nayo.

Karibu na kwake nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza, kama aliona kwa macho yake, kwa nini aliniuliza amekataa au hakukataa.

Alisimama, akanitazama vilevile kama siku ile tulipokuwa tunateka maji.

"Sikuwa nauliza habari za yule," alisema. "Nilikuwa nakuuliza wewe unasemaje."