Fremu ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, ni mtu wa kupima. Anapima maji ya chai kwa kikombe chenye alama. Anapima kwa rula mahali pa kupigilia msumari wa kalenda. Siku alipokuja kwetu Mabwerebwere, huku Kilosa, kujitambulisha, mama alimmiminia maji ya kunawa, akanawa vizuri, kisha akatoa kichupa mfukoni na kujipaka dawa ya kuua vijidudu mbele ya mama yule yule. Mama alicheka. Mimi nilimweka katika fungu la watu wa kuvumiliwa siku za sikukuu, na miaka ikapita bila yeye kunipa sababu ya kumtoa humo.

Anafanya kazi ya ukarani katika hoteli moja ya watalii Mikumi. Huko ndiko alikoona wazungu wakishusha baiskeli nyeusi kutoka juu ya magari yao, akashikwa na ugonjwa. Mtu anayepelekwa kazini na gari na kurudishwa na gari, mwenye tumbo linaloingia mlangoni kabla yake, akaamua kwamba hawezi kuishi tena bila baiskeli ya milimani ya kaboni. Ya dukani hakuiweza, bei ilimtoa jasho. Basi ataiunda mwenyewe nyumbani, kipande kwa kipande, kwa vitu vya bei nafuu vya kuagiza kwa simu.

Kwa miezi minane aliniletea habari zake kwenye simu yangu. Leo picha ya shokapu ya mbele, kesho picha ya rimu, keshokutwa cheni iliyokunjwa kwenye karatasi. Kila kitu kimewekwa juu ya mzani wa jikoni ili namba zionekane. Siku moja alinitumia picha ya boliti mbili zinazofanana, akaandika kwamba kwa kuchagua ile ya kulia ameokoa gramu tisa. Nilimjibu kwamba akiacha chipsi kwa wiki moja ataokoa zaidi. Akanirudishia vikatuni vya kucheka. Mtu hajui hata kukasirika.

Mimi ni fundi baiskeli. Babu alikuja Kilosa kukata mkonge, baba akatoka kwenye mkonge akashika spana, nami nikazirithi spana. Baiskeli ninazozijua ni za chuma. Zinabeba gunia la mahindi, juu ya gunia mke, na juu ya mke mtoto. Wakulima wa kijiji cha Kidete huniletea fremu zilizokatika vipande viwili. Zinachomewa, zinarudi shambani, na hakuna anayeuliza zina gramu ngapi. Mafundi wenzangu wa mjini nawajua pia. Yupo mmoja aliyewahi kuziba ufa wa fremu kwa rangi akamrudishia mteja. Nilimtukana sokoni, mbele ya watu, mpaka akafunga kazi siku ile. Nilisema mtu wa namna hiyo apewe jembe, asipewe spana. Sikujuta hata kidogo.

Siku vitu vilipokamilika, si shemeji aliyenipigia. Alinipigia mdogo wangu.

"Kaka, njoo umfungie hiyo baiskeli," alisema. "Anaangalia video mpaka macho mekundu. Jumapili anataka kuja nayo Kilosa kumsalimia mama. Akifunga vibaya atavunjika shingo huko kwenye miteremko, nibaki na watoto."

Kwa ajili yake nilikwenda. Jumamosi nilipanda basi la kwanza la Mikumi na boksi langu la spana, na jiliwa yangu ndogo ya kubania vyuma nikaifunga ndani ya gunia.

Niliyoyakuta sebuleni kwake nisingemsimulia fundi mwenzangu akaniamini. Kochi limesukumwa ukutani. Sakafuni shuka jeupe. Juu ya shuka vipande vyote vimepangwa kwa ukubwa, kila kimoja na karatasi yake ya jina, na yeye mwenyewe kapiga magoti pembeni, kavaa glavu za mpira. Nikamuuliza kama mgonjwa ameshapewa nusu kaputi.

"Karibu, shemeji," alisema, anacheka. "Nimekusubiri, sijagusa kitu."

Akanipa fremu. Ilikuwa nyepesi kama ungo, na hilo lilinitia hasira, sijui kwa nini. Niliigonga kwa kidole, ikalia kama ndoo tupu.

"Plastiki hii," nikasema.

"Si plastiki, shemeji. Ni nyuzi za kaboni."

"Nyuzi zinashonea nguo. Na stendi yake iko wapi?"

"Hizi huwa hazina stendi."

"Kwa hiyo ukifika kwa watu utaiegesha ukutani kama mlevi."

Mdogo wangu alicheka kutoka jikoni, akacheka sana. Shemeji naye alicheka, lakini alichelewa kidogo, na akainamisha kichwa kupanga upya karatasi zake. Nilifurahi kwamba safari hii neno limempata.

Kisha akanionyesha stika. Fremu yenyewe haikuwa na jina, ilikuwa nyeusi tupu, kwa hiyo alikuwa amenunua stika zenye jina la kampuni kubwa ya ng'ambo: mbili ndefu za ubavuni na mbili fupi za mabomba ya nyuma. Nilimuuliza kama huo si uongo. Akasema ni urembo tu. Nikamwambia kwetu mtu mwenye kitu cha bei rahisi anasema ni cha bei rahisi. Akaziweka kando, tuzibandike mwisho.

Tulifanya kazi asubuhi nzima. Ninasema tulifanya, lakini nilifanya mimi. Yeye alishika simu, video imesimamishwa, akinisomea. Alikuwa na spana ya kupimia nguvu, inayolia "tik" nati ikishakazwa inavyotakiwa, na kila nilipofunga kitu aliinyoosha kwangu kwa mikono miwili. Kila mara niliirudisha pale shukani. Mkono wangu umefunga nati tangu yeye yuko shuleni anakariri. Hauhitaji kuambiwa "tik".

Tulipofika kwenye ekseli ya pedali, ile inayopita chini ya fremu, fremu ikawa inazunguka na spana. Haina uzito wa kujizuia. Nikatoa jiliwa kwenye gunia nikaifunga kwenye ukingo wa meza.

"Shemeji, samahani," alisema. "Wanasema kaboni isibanwe kwenye jiliwa. Inapasuka."

"Wanasema kina nani?"

"Kwenye video."

"Hao wa kwenye video wana duka Mabwerebwere?"

Alisema jua limekuwa kali, ngoja akaninunulie soda ya baridi. Alipotoka tu, niliviringisha kitambaa kwenye bomba la nyuma la upande wa kushoto, nikaliweka kati ya meno ya jiliwa, nikakaza kama ninavyokaza siku zote. Kisha nikavuta spana kwa nguvu. Ekseli iliingia vizuri sana, ikakaa. Na pale kwenye kitambaa nilisikia sauti ndogo, ya yai la kuchemsha linapogongwa kwenye sahani.

Nilifungua jiliwa na kuondoa kitambaa. Ufa ulikuwa mfupi, kama pingili ya kidole, umelala mlalo. Nilipobonyeza kwa dole gumba, ulifunguka kidogo na kufunga.

Ningependa kusema nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Akili yangu ilikuwa imetulia kuliko siku nyingi. Niliwaza kwamba atarudi na soda na kusema "walisema", na mdogo wangu atasikia kutoka jikoni. Nikainama, nikachukua stika moja fupi, nikaibandika juu ya ufa na kuilainisha kwa kucha. Ilienea sawasawa. Nikabandika na ya upande wa pili ili zilingane.

Shemeji aliporudi na soda aliziona kwanza stika.

"Umeanza kuzibandika! Zimekaa vizuri kweli," alisema, na furaha yake ilinichefua. Nilikunywa ile soda yote.

Saa tisa baiskeli ilikuwa tayari. Aliizungusha uani mara mbili, watoto wanashangilia, tumbo limeelea juu ya siti ile iliyopimwa gramu. Mdogo wangu alikuja na ndoo ya nguo, akasimama karibu yangu tukimtazama.

"Kaka, nati zote umefunga wewe?"

"Zote."

"Basi nina amani," alisema, akaenda kuanika.

Nilirudi Kilosa na gari la saa kumi. Njiani nilijipa hoja nyingi. Kwamba plastiki ingepasuka tu, leo au kesho. Kwamba ufa ni mdogo. Kwamba mtu mwenyewe ni mvivu, atachoka kabla ya mteremko wa kwanza na kupakia baiskeli kwenye basi. Nilimdharau kwa bidii njia nzima, kwa sababu nilijua nikiacha kumdharau nitaanza kuona bomba lile likikatika katikati ya mwendo, na yeye akiingia kwenye changarawe kwa uso.

Jumapili asubuhi sikufungua kazi. Nilimpigia simu saa moja, ikaita bila kupokelewa. Nikapiga tena. Mara ya tatu nikampigia mdogo wangu, akasema ameondoka alfajiri, kapendeza, kavaa kofia ngumu, simu kaiweka mfuko wa mgongoni. "Kuna nini, kaka?" Nikasema hakuna kitu, nataka kujua nimwambie mama apike saa ngapi.

Nilichukua baiskeli yangu ya chuma na kuelekea njia ya Mikumi kumpokea. Sijawahi kukanyaga pedali namna ile. Nilikuwa nimeyapanga maneno, na nikawa nayasema kwa sauti, wachunga ng'ombe wananigeukia: Shemeji, shuka. Fremu ina ufa. Nimeipasua mimi na nikaificha. Maneno yenyewe ni machache, hata mtoto anaweza kuyashika. Niliona aibu, aibu ya kweli, na bado niliona kero kwamba mtu wa kuonewa aibu hiyo ni yule.

Nilimkuta karibu na Ulaya, kile kijiji cha njiani, jua limeshapanda. Alikuwa anatembea kwa miguu, anaisukuma. Nilimtazama shingo, mikono, magoti. Mzima. Nilishuka kwenye baiskeli yangu.

Aliponiona, yeye ndiye aliyetazama chini.

"Shemeji," alisema, "naomba usinicheke."

Sikucheka.

"Jana ulipoondoka nilikwenda dukani kununua stendi. Niliona umesema kweli, baiskeli ya kuegesha ukutani inachekesha, na kwa mama je? Nikaifunga mwenyewe, hapa nyuma, kwenye bomba la kushoto, juu ya stika." Aliitoa stendi kwenye mfuko, ya chuma, ya bei rahisi, na kibanio chake. "Leo nilipokanyaga mlima nikasikia inalia. Nikashuka, nikaifungua, nikabandua stika. Tazama nilichofanya."

Akachuchumaa kwenye vumbi akanionyesha ufa wangu. Ulikuwa umerefuka.

"Kosa langu," alisema. "Spana ya kupimia ninayo, na sikuitumia. Nilitaka kukaza kama wewe, kwa mkono."

Maneno yangu yalikuwa tayari mdomoni, nimetoka nayo Kilosa. Nilifungua mdomo.

"Kaboni haitaki nguvu," nikasema.

Niliyasema kwa sauti yangu ya kazini, ile ninayotumia kwa mteja aliyeharibu kitu chake. Naye akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mwanafunzi anayeandika. Hakuna ninachokikumbuka kwa chuki zaidi ya kile kichwa kinachoitikia. Bado palikuwa na nafasi. Ningeweza kusema hata baada ya hapo. Alikuwa amechuchumaa, hana haraka, barabara tupu.

Simu yake ikaita mgongoni. Akaitoa, akabonyeza spika.

"Mke wangu, niko salama, niko na kaka yako," alisema. "Ila fremu nimeipasua. Mimi mwenyewe, kwa ile stendi."

Mdogo wangu alipiga kelele kwanza, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Si nilikwambia? Nilikwambia kitu alichofunga kaka usikiguse! Yuko hapo? Mpe."

Shemeji alisimama akanisogezea simu karibu na mdomo. Mkono wake ulikuwa na vumbi na grisi mpaka kwenye kiwiko, wala hakuwa na habari nao.

"Kaka, shikamoo," alisema mdogo wangu. "Jamani tusamehe, tumekuharibia kazi yako."

"Marahaba," nikaitika.