DJ wa Muvi za Mapango

DJ anayetafsiri muvi kwa kibanda cha video pale Mai Mahiu anapenda zile za mapango, kwani skrini ikiwa giza, kazi yote ni ya mdomo wake. Anashika maiki na vidole viwili kama mandazi ya moto, kisha anawapa mastaa majina ya madereva wa lori walio kwa benchi. "Muiruri, toroka! Ama unangoja mekanika?" Akidanganya kidogo tu, wanamzomea: "DJ, wacha uwongo!"

Juzi Mama Kahiga, ambaye kijana wake alifukiwa machimboni mwezi uliopita, alileta chai akaketi mbele. Pango likamwangukia kijana wa muvi. DJ akakohoa.

"Huyo ametokea upande ule mwingine. Anaoga, aende kwa mamake."

Kwa skrini walikuwa wanamzika. Hakuna dereva aliyemzomea.