Isale ya Kuazima

Mume wangu ni Mchaga, na Mchaga ukimwonyesha kilima atakuambia hicho si kilima. Ndivyo alivyosema Ijumaa ile tuliposhuka garini chini ya milima ya Al-Hada, akaweka mikono kiunoni kama aliyekuja kukagua. Baridi ilikuwa inaisha na joto bado halijaanza kutuadhibu. Mvua zilikuwa zimepita, mabonde yana majani, na katikati ya mawe vilichomoza vimaua vya manjano ambavyo mwezi mmoja baadaye huvioni tena.

Yeye anaendesha foklifti kwenye ghala moja huko Al-Sulay, Riyadh. Mimi ni muuguzi Jeddah, nimepanga Al-Hindawiyah na wenzangu wawili. Tuko nchi moja, lakini kuonana ni basi la usiku kucha. Kila mwaka majira haya yeye huja, tunapanda mlima pamoja siku moja, tunashuka, anarudi kazini. Wengine wana fungate. Sisi tuna Al-Hada.

Mwaka huu nilikwenda nimenuna. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mikataba yetu ikiisha tunarudi nyumbani wote wawili, kabla binti yetu hajaanza darasa la kwanza. Tulimwacha Tanga kwa mama yangu hata kusema hajajua vizuri. Sasa wiki iliyotangulia mume wangu akanipigia simu kunieleza kwamba amesaini miaka miwili mingine. Hakuniuliza. Alisema kafili, yule mwajiri wake, alimwekea karatasi mezani, akamwambia yalla, yaani haya fanya haraka, naye akasaini. Nikamwambia kumbe wewe mtu akikwambia yalla unasaini chochote, nikakata simu. Mlimani nilikwenda kwa sababu yeye alishapanda basi, na chapati nilishazisukuma.

Njia yenyewe ni ya zamani, imetandazwa mawe, walikuwa wakipita ngamia. Mchaga wangu akaanza kwa kasi, akanipa na mawaidha ya namna ya kupumua. Mimi nashinda wodini kwa miguu, nikamwacha aende zake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kona chache mbele nilimkuta amekaa juu ya jiwe, ameshika magoti, anatazama bonde kama mtu anayependa sana mandhari. Miaka ya kukaa kwenye foklifti ilikuwa imekula miguu yake. Nilimmiminia chai. Nampenda mtu huyu, na hata nikiwa na hasira naye macho yangu huangalia kama amekunywa maji.

Tulikula chapati. Nyani walikuwa wamekaa juu ya ukingo wakituhesabia matonge, naye akazificha zilizobaki ndani ya shati. Nilibana midomo nisicheke. Kisha akainuka, akaenda pembeni kwenye vichaka, akarudi ameshika jani kwa mikono miwili. Akapiga magoti mbele yangu, pale pale kwenye mawe.

Kwao wana jani linaitwa isale. Mtu akikukosea, akakujia na jani hilo mkononi, huna ruhusa ya kumkataa, hata kama amekuchomea nyumba. Ila isale haioti Al-Hada. Alilochuma yeye ni la kichaka kingine kabisa, cha majani mapana yanayotoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu ule ukiingia jichoni unakupeleka hospitali. Vidole vyake vilikuwa vyeupe vyote, na alikuwa anataka kujifuta jasho usoni.

"Mke wangu, pokea," akasema.

Nilimpokonya jani nikalitupa, nikamwagia mikono maji yetu ya kunywa, nikimgombeza kwamba amekulia mlimani na hajui mti wenye sumu. Yeye anatabasamu tu. Akasema nimeshalishika, na kwao likishashikwa limepokelewa, halas, yamekwisha. Hapo nikashindwa, nikacheka hadi nyani wakasogea.

"Haya, mimi nimepokea," nikamwambia. "Lakini jani umemletea mtu siye. Wa kuombwa yuko Tanga."

Kisha akatoa simu, akampigia mama yangu, akaomba apewe mtoto. Uso wa binti yetu ukajaa kioo, ana unga wa ubuyu mdomoni. Baba yake akamwambia taratibu kwamba amekosea, kwamba alimwahidi kuja na sasa atachelewa, kwamba anaomba msamaha. Mimi nilikaa pembeni na maneno yangu ya kumbembeleza tayari, nikisubiri kilio.

"Haya, baba," akasema mtoto. Akauliza wale nyuma yetu ni nyani wa kweli, akajibiwa ndiyo, akamrudishia bibi yake simu akakimbilia nje kucheza.

Mume wangu akashusha pumzi. "Umeona? Hata hakulia."

"Nimeona," nikasema. "Hakulia."

Alinitazama, na nikaona linamwingia polepole kwamba mtoto ameshazoea kuishi bila sisi. Nikamwambia kwamba mimi sisaini. Mkataba wangu ukiisha narudi Tanga, na yeye akimaliza miaka yake atatukuta. Nilidhani atabisha. Akaitikia kwa kichwa, akabeba mkoba wangu na wake, akanishika mkono tukaanza kushuka. Njia ilipokuwa nyembamba alitangulia, na kwa nyuma niliona mabega yake yanatikisika. Sikumwambia anyamaze. Alilia mpaka tukafika chini.