Kiti Kilichomshusha Mkunga Barabarani

Saa moja na nusu asubuhi, mabati ya soko la Korogwe yameshaanza kupata moto, na Isihaka Mdoe anamwambia mteja wake avue koti akae juu ya sinia.

Sinia limejaa mchanga mbichi wa mtoni, umesawazishwa kwa ubao. Mteja, mchuuzi wa machungwa kutoka Makuyuni, anatazama kulia na kushoto, kisha anakaa. Wanaosubiri zamu wanamcheka. Mmoja anamuuliza kama anaatamia mayai ya kuku au ya bata.

"Nyanyua miguu," anasema Isihaka. "Uzito wote uwe hapo. Haya, simama taratibu."

Mchanga umebaki na vishimo viwili. Ni alama za mifupa miwili ambayo mtu huikalia maisha yake yote bila kuifikiria, mpaka siku inapomuuma. Isihaka anapima toka kishimo hadi kishimo kwa uzi wa katani, anapiga fundo kila upande, halafu anaulaza uzi juu ya kiti cha baiskeli ya mchuuzi. Mafundo yanaangukia kwenye ngozi, mbali na chuma cha ukingoni. Upana unatosha. Kosa liko kwenye pua ya kiti, imeinuka juu.

Analegeza nati kwa spana, anashusha pua kwa kiasi cha upana wa kidole, anakaza. Mchuuzi anazunguka soko mara mbili na kurudi. Anatoa shilingi mbili bila kubishana.

Isihaka ana miaka hamsini na minne. Ni Mzigua wa Handeni, na amekuwa Korogwe tangu mwaka 1948, alipokuja kutafuta kazi ya mkonge. Kwa miaka ishirini alishona mikanda ya ngozi ya mashine za kusaga katani. Bei ya mkonge iliposhuka, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akatoka na sindano zake za kushonea ngozi, nyundo ndogo, na kopo la misumari ya shaba.

Wakati huo baiskeli zilikuwa zinaongezeka. Mwalimu alikuwa nayo, bwana shamba alikuwa nayo, na katibu wa kijiji alikuwa nayo. Tangu watu walipohamia kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba zimesogeleana lakini mashamba yamekuwa mbali, na vijiji vyenyewe haviko karibu. Mtu anashinda juu ya baiskeli. Kiti cha ngozi kinanyeshewa asubuhi, kinakaushwa na jua mchana, na jioni kinamfinya mwenyewe.

Katika mwezi mzuri Isihaka hupata kama shilingi mia na themanini. Mwezi wa mvua hazifiki mia. Hajawahi kununua baiskeli yake mwenyewe.

Makosa ya watu anayajua kwa moyo. Wakulima hushusha kiti mno ili miguu iguse chini wanapobeba gunia, na magoti yao yanakufa mapema. Wafugaji wana kosa lao. Parsimei, Mmasai wa nyanda za Handeni anayemletea ngozi za ng'ombe, alipopata baiskeli alikipaka kiti mafuta ya ng'ombe kila jioni, kama kwao wanavyozilainisha ngozi za kuvaa na za kulalia. Baada ya miezi miwili ngozi ililegea ikawa kama kombeo, na Parsimei akawa amekalia chuma.

"Nimekilisha vizuri kuliko ndama," alilalamika siku alipokileta. "Mbona hakina shukrani?"

Isihaka alimweleza kwamba kiti hakitaki kulainishwa, kinataka kuzoeshwa. Parsimei alimjibu kwamba hata mke wake wa kwanza alisemwa hivyo hivyo. Wakacheka. Huo ndio urafiki wao, na kupitia urafiki huo Isihaka alikuja kuletewa habari ambayo mpaka leo haimtoki.

Habari yenyewe ilianzia Januari mwaka jana. Mwanamke wa miaka kama thelathini alishuka kwenye basi akiwa na kikapu kilichofunikwa kwa khanga. Ndani ya kikapu mlikuwa na kiti cha baiskeli. Jina lake ni Hajira Mhina, mkunga wa zahanati moja upande wa Handeni, anayehudumia vijiji vinne, Kwedizinga kikiwa kimojawapo, na maboma ya wafugaji yaliyotawanyika katikati. Alikuwa amepewa baiskeli ya kazi, mpya, ya wanaume, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwapo.

Alimwamkia Isihaka shikamoo, akamwambia kiti kinamuumiza. Isihaka akamuuliza kama kimelegea. Hajira akatazama chini, akasema labda.

Basi Isihaka akakaza nati ya puani, ile inayoivuta ngozi. Machi Hajira alirudi na kikapu chake. Isihaka akakaza tena. Aprili alirudi mara ya tatu, na safari hii fundi alitoboa ngozi pembeni, akapitisha kamba chini kuzivuta mbavu za kiti zisitanuke. Kikawa kigumu kama ngoma iliyowambwa. Alipokigonga kwa kidole kililia, naye akaridhika.

Mara zote tatu hakumuuliza panapouma. Mara zote tatu hakumkalisha kwenye mchanga. Sinia liko barazani sokoni, mbele ya wanaume, na mwanamke wa heshima hawezi kuambiwa akae hapo, fundi wa kiume ainame kupima alama alizoacha. Hakuna aliyemkataza Isihaka. Jambo lenyewe halikumpitia akilini.

Hajira naye hakusema. "Ningemwambiaje?" anauliza sasa, akiwa amekaa kwenye benchi la zahanati, kadi za wajawazito mapajani. "Ni mtu wa umri wa baba yangu. Nilikuwa na kidonda mahali ambapo hata mume wangu nilimficha. Kila fundi alipokikaza, mimi nilizidi kuumia, nami namwambia ahsante baba, narudi nyumbani."

Mwanzoni mwa Mei aliiegemeza baiskeli ukutani mwa zahanati, akaanza kutembea.

Katikati ya mwezi huo, masika yakiwa yamekolea, Parsimei alifika sokoni na ngozi mbili mgongoni. Hakutania. Alizishusha, akakaa, akasema shemeji yake Sinyati, mke wa mdogo wake, amejifungua mtoto mfu. Uchungu ulikuwa umemshika usiku, na mtoto alitanguliza mguu. Alfajiri mtu alikimbia kumwita mkunga, kilomita kumi na mbili. Mkunga alikuja kwa miguu kwenye tope. Alipofika jua lilikuwa utosini.

Isihaka akauliza kwa nini mkunga alitembea, na baiskeli anayo.

"Ipo," alisema Parsimei. "Imesimama ukutani. Wanawake wanasema kiti kinamla."

Isihaka anasema hakuendelea na kazi siku ile. Wateja walidhani ana homa. Alirudi nyumbani mapema, akamweleza mkewe, Zamda, tangu kikapu cha kwanza mpaka maneno ya Parsimei. Zamda alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta mpaka mumewe alipomaliza.

"Wanaume unawapima kwa mchanga," alimwambia. "Huyu umempima kwa nini?"

Zamda akaweka ungo chini, akamwambia kesho wataondoka na basi la kwanza, na sinia atalibeba yeye.

Walimkuta Hajira zahanati, na mambo yake hayakuwa mazuri. Ofisi iliyompa baiskeli ilikuwa imemwandikia barua. Kama mpaka mwisho wa Juni hatakuwa ameanza tena kuzunguka vijiji vyote vinne, baiskeli itapewa mfanyakazi mwingine. Huyo mwingine angeweza kuiendesha vizuri sana, lakini si mkunga. Hajira angebaki na vijiji vyake vinne na miguu yake miwili.

Zamda aliingia naye chumbani wakafunga mlango. Isihaka alikaa nje kwenye kivuli cha ukuta, kando ya ile baiskeli. Anasema hapo ndipo alipoitazama kwa mara ya kwanza. Miezi yote hiyo alikuwa ametengeneza kiti bila kuiona baiskeli, wala kumwona mwenye baiskeli amekaa juu yake.

Zamda alipotoka alimpa uzi wenye mafundo mawili. Isihaka aliulaza juu ya kiti. Mafundo yote mawili yaliangukia kwenye chuma cha ukingoni, nje kabisa ya ngozi. Mifupa ilikuwa haina pa kukaa, na uzito wote ulikuwa unaangukia mbele, mahali pasipo na mfupa. Na pale mbele ndipo alipokuwa amekaza mara tatu, ngozi ikapanda katikati kama mgongo wa samaki.

"Ameumia," Zamda alimwambia.

Isihaka alimwomba Hajira radhi hapo hapo. Hajira anasema alitaka kumwambia si kosa lake, lakini alikuwa amechoka kusema uongo kuhusu kiti kile.

Dawa ya kidonda Hajira alikuwa nayo mwenyewe, na mapumziko ya wiki tatu. Kazi ya Isihaka ilikuwa fremu pana. Dukani hazikuwapo, vipuri siku hizi ni vya kutafuta kwa tochi. Alikwenda kwenye shamba la mkonge alikofanya kazi zamani, akapekua rundo la vyuma vibovu kwa siku nzima, akapata fremu ya kiti cha zamani, pana nyuma, yenye springi mbili nene zilizoshika kutu. Ngozi alikata kwenye mojawapo ya zile mbili alizoleta Parsimei siku ya habari mbaya, upande wa mgongo, palipo pagumu. Alikuwa ameshaiivisha kwa magome ya mgunga. Akailoweka kwenye maji ya vuguvugu, akaiwamba juu ya kalibu ya mti yenye umbo la kiti, akaibana kwa misumari ya shaba, akaiacha kivulini ikauke. Hakuipaka mafuta zaidi ya tone, upande wa chini.

Parsimei alipojua ngozi yake imekwenda wapi alikataa kulipwa.

Tarehe ishirini na mbili Juni, Isihaka na Zamda walirudi Handeni. Safari hii Hajira alipanda baiskeli mbele yao. Zamda alitembea pembeni, mkono kwenye usukani, akimuuliza kwa sauti ya chini. Kila alipojibiwa alimgeukia mumewe: shusha pua, pandisha kiti, rudisha nyuma kidogo. Mume akatii. Ilichukua muda mrefu kuliko fundi anavyopenda kukiri.

Siku tatu baadaye Hajira alizunguka vijiji vyote vinne. Barua ya pili haikuja.

Je, mtoto wa Sinyati angepona kama baiskeli ingekuwa barabarani? Hajira hapendi swali hilo, lakini halikwepi. "Sijui," anasema. "Mtoto wa kutanguliza mguu anaweza kufa hata mkunga akiwa kitandani pamoja na mama. Ila ningefika mapema. Hilo nalijua."

Isihaka naye hakutaka kuishia kusimuliwa tu. Mwezi wa Julai alimwomba Parsimei ampeleke bomani. Alikaa mbele ya Sinyati, Parsimei akitafsiri, akasema yeye ndiye fundi wa kile kiti. Sinyati, mwanamke mrefu, mkimya, aliuliza jambo moja tu, kama sasa kinakalika. Isihaka akasema kinakalika.

"Basi mkunga aje," alisema Sinyati.

Leo kibanda cha Isihaka sokoni kina pande mbili. Mbele kuna sinia la wanaume na vicheko vyao. Nyuma, Zamda ametundika khanga mbili, na nyuma ya khanga kuna sinia la pili. Mume haruhusiwi kupita. Anapokea uzi tu, na maneno machache ya mkewe. Tangu mwaka jana wanawake kumi na wanne wamepimwa pale: wauguzi, walimu, bibi maendeleo mmoja, na mama wa Kwashemshi anayeshuka na mboga. Tisa kati yao walikuwa wakikalia chuma.

"Wengi wanakuja wakisema kiti kimelegea," anasema Zamda. "Nawaambia waache kiti, waniambie mwili. Mwanamke akianza kueleza hapo nyuma, fundi mzima huku nje anatakiwa kukohoa na kwenda kununua tumbaku."

Isihaka anamsikia, anajifanya anatafuta msumari.

Shida yao sasa ni fremu pana. Rundo la shambani limekwisha. Isihaka amezungumza na Simeo, mhunzi wa hapo Korogwe, wajaribu kukunja chuma wenyewe. Mbili za kwanza zilipasuka. Ya tatu ipo juu ya meza, imefungwa kwa waya, inasubiri ngozi. Ikikubali, wanataka kutengeneza ishirini kabla ya mvua za vuli na kuzipeleka kwenye zahanati za Handeni na Korogwe, na Zamda amesema hakuna kiti kitakachofungwa kabla hajamkalisha mwenye baiskeli kwenye mchanga.

Lakini ukimuuliza Isihaka anangojea nini hasa mwaka huu, hakutajii zile ishirini. Sinyati ana mimba tena, anatarajiwa mwezi wa kumi. Hajira humpitia kila baada ya wiki mbili, kilomita kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, na ameshapapasa tumbo akaona kichwa kimeelekea chini.

Parsimei ameahidi kwamba siku hiyo ataleta habari mwenyewe. Isihaka amemwomba kitu kimoja.

"Nimemwambia anieleze kama mtoto amelia," anasema, akisawazisha mchanga kwa ubao. "Na mama yake ameamkaje. Habari ya kiti sitaki nisikie hata kidogo."